Bega la Kinyozi

4 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba kikohozi chake kimemwachia. Mimi huku sijambo, ila nyayo zinawaka moto maana kutwa nzima nasimama. Nakuandikia kwa kuwa simu ukiipokea unaipigia kelele kama mtu aliyeko ng'ambo ya mto, kisha unampa Mama.

Uliniuliza kazi inaendaje. Inaenda, lakini wiki hii nimeulizwa swali gumu. Tumeletewa daktari mkuu mpya hapa kituoni, mama mfupi, mpole, hapandishi sauti hata mara moja. Aliingia chumbani kwangu, akatazama kitanda, mikeka, kile kioo kirefu na ngazi ya mbao ninayofundishia watu kupanda, akauliza:

"Wagonjwa wako wanapona?"

"Wengi wanapona," nikamjibu.

"Umejuaje?"

"Hawarudi tena."

Alitabasamu kidogo. "Hata aliyekata tamaa harudi," akasema, akatoka zake.

Nimefanya kazi hii miaka yote, nanyoosha migongo, nawasimamisha waliopooza, nakunja magoti ya watu, na sijawahi kumfuata hata mmoja nikamuuliza baada ya miezi mitatu hali yake ikoje. Mtu akipotea, mimi moyoni nilimwandika kwa waliopona.

Tena kuna jambo. Watu wa chanjo wamebanwa, kina mama wanapanga foleni juani na watoto mgongoni, na chumba kinachotakiwa ni changu. Kamati ya kituo itakaa mwisho wa Septemba kuamua. Daktari mkuu kaniambia, "Usije na maneno mazuri. Njoo na watu."

Basi nimeanza. Kila mgonjwa mpya namwomba ataje mambo matatu asiyoyaweza na anayoyataka, mambo yake mwenyewe ya nyumbani au ya kazini. Kila jambo analipa alama, sifuri mpaka kumi. Baadaye namuuliza yaleyale tena, na akiwa ameacha kuja, nitamfuata. Dereva mmoja wa lori kanitajia: kukanyaga klachi, kuinama afunge viatu, na kukaa kanisani bila kuhamahama kama mwenye viroboto. Nikacheka mpaka akacheka.

Nisalimie Mama sana.

Kitinda mimba wako

*

20 Machi

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama yako asikie. Kikohozi kimekwisha, sasa ana nguvu za kunigombeza kama zamani. Sisi ni wazima kabisa, hofu ni kwako uliye mbali.

Huyo daktari wako mkuu ana ulimi, lakini ana haki. Ila namshukuru Mungu mimi nilichagua kazi rahisi. Mtu akiinuka kitini anajitazama kwenye kioo, kazi imekwisha. Sina haja ya kumfuata kwake kumuuliza nywele zinaendeleaje. Zikiendelea, atarudi.

Hapa hakuna jipya. Duka nimelifunga kidogo, nalipaka rangi, kuta zilikuwa zimechoka kuliko mimi. Nashinda nyumbani. Redio nimeishusha kutoka kwenye rafu, sasa iko mezani karibu na kiti changu, nasikiliza taarifa zote mpaka naijua bei ya saruji ya kila mji. Mama yako kanishonea mashati mawili ya vifungo, mazuri sana, zile fulana zangu nimempa jirani. Ukiniona utadhani karani wa mahakama.

Wewe fanya kazi yako, usiogope kamati. Chumba ni kuta tu.

Baba yako, Mkasi

*

2 Juni

Baba mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Mama hajambo? Samahani kwa kimya kirefu. Tangu Aprili jioni zangu zote naishia mitaani, nabisha hodi kwenye milango ya watu walioacha kuja. Wengine wamehama. Mmoja alidhani namdai. Mwingine, yule dereva wa lori, nilimkuta amechuchumaa chini ya gari lake anafunga nati, akanipungia mkono huku amejaa grisi. Nilirudi nyumbani siku ile nimevimba kichwa.

Lakini ngoja nikupe habari ya dobi.

Ni mama wa makamo, anafua na kupiga pasi nguo za watu. Alinijia bega la kulia limekaza. Mambo yake matatu yalikuwa kuanika mashuka kwenye kamba, kumsuka binti yake nywele, na kujivalisha gauni bila kumwita mtu. Kila akija nilimuuliza, "Unaendeleaje?" naye kila mara, "Nafuu, namshukuru Mungu." Akaja, akaja, kisha kimya. Zamani ningesema huyu kapona.

Nilimkuta kwake uani. Akanikaribisha kwa furaha, akanipa kigoda. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kamba. Ameishusha, Baba, iko usawa wa kiuno chake. Mashuka yameanikwa yanakaribia kugusa vumbi, chini ametandika magunia yasichafuke. Binti yake ana kichwa kilichonyolewa.

Nikamuuliza, "Mama, mbona uliniambia nafuu?"

Akafunika mdomo, akacheka kwa aibu. "Mwanangu, ulikuwa unajituma sana. Kila siku unaniinua mkono, jasho linakutoka. Ningekuambiaje kwamba haijasaidia?"

Nikamuuliza kuhusu mazoezi niliyompa ya kufanya nyumbani. Nilikuwa nimempa karatasi yenye mazoezi kumi na picha zake, naipenda karatasi ile, niliichora mwenyewe. Akaenda ndani akaileta, safi, imekunjwa vizuri kama cheti cha ndoa. Hakuyafanya. Manne yalimuuma mpaka akashindwa kulala, sita hakuyaelewa, na muda wenyewe hana. Tukachagua mawili tu, anayafanya akiwa anasubiri pasi ipate moto. Nikamwambia nitarudi, na nikirudi aniambie ukweli hata kama unauma.

Sasa Baba. Njiani kurudi nilikuwa naiwaza ile kamba iliyoshushwa, mara barua yako ikanijia kichwani. Redio nayo imeshushwa. Fulana zimegawiwa, maana fulana huvaliwa kwa kuinua mikono, na shati la vifungo halina haja hiyo. Na duka limefungwa lipakwe rangi. Duka lile, Baba, nimekulia ndani yake. Rangi yake ni kazi ya siku mbili, na rangi nyingine inabaki koponi.

Sikuulizi unaendeleaje. Nauliza hivi: unaweza kuinua mkono wa kulia ukashika kisogo chako? Weka barua hii mezani, simama, ujaribu. Kisha uniandikie ulifika wapi.

Binti yako

*

28 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nilimpigia Mama, akasema, "Muulize mwenyewe, mimi nimekatazwa," akabadilisha mazungumzo, akaanza habari za kuku. Kwa hiyo nimejua.

Sina hasira. Niandikie tu, hata mstari mmoja.

Mwanao

*

9 Julai

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mama yako anakusalimu, na amesema nikuambie hakusema kitu, ni kuku tu.

Nilisimama nikajaribu, kama ulivyoniamuru. Nimefika kwenye sikio, tena kwa kuinamisha kichwa, ambayo najua ni wizi. Kisogo sikifikii. Nyuma, kiunoni, ndiyo kabisa, mama yako ndiye anayenifungia mkanda.

Ilianza kidogo tangu Desemba. Nilidhani nimelalia vibaya. Mwezi wa pili ikawa mkono ukipanda unagonga kitu, kama droo iliyokwama. Siku ya mwisho dukani nilikuwa na mteja, fundi bomba mmoja, mtu wa maneno mengi. Nimemaliza upande wa kushoto, nahamia juu, mkono ukagoma. Maumivu yalinikata pumzi. Nikaizima mashine nikamwambia, "Umeme umekatika." Naye akatazama taa, inawaka. Hakusema kitu, Mungu ambariki. Akavaa kofia akatoka na nusu ya kichwa, akamaliziwa kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Mimi nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti cha wateja peke yangu. Sikuwahi kukikalia kwa muda mrefu vile. Kinachoma mgongo, hakuna aliyewahi kuniambia.

Kwa nini sikukuandikia? Nimejiuliza. Aibu ipo, siwezi kuikataa. Nimeshika mkasi tangu kabla hujazaliwa, watu wamelisahau jina nililopewa na wazazi wangu wananiita Mkasi, sasa niitwe nani? Lakini si aibu tu. Mtoto wangu ndiye anayetengeneza mabega ya watu. Nikienda kutibiwa na ikashindikana, basi hakuna tena pa kukimbilia. Nisipokwenda, dawa bado ipo, haijajaribiwa. Nilikuwa naiweka akiba, mwanangu. Najua ni ujinga. Ulivyoandika habari za yule dobi nilimwelewa kuliko ulivyomwelewa wewe.

Haya, sema. Nifanye nini?

Baba yako

*

15 Julai

Baba mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni na viatu mguuni. Asante kwa kuniambia. Nililia kidogo kwa ajili ya kile kiti, kisha nikacheka kwa ajili ya umeme.

Naona ni bega lililoganda, ingawa sijakugusa na siwezi kuapa. Kiungo cha bega kina mfuko laini unaokizunguka, na wakati mwingine mfuko huo unavimba, unakaza, mkono unakosa nafasi. Huwapata wengi wa umri wako. Kwanza nenda ukapimwe sukari, maana wenye kisukari huganda mabega zaidi ya wengine. Pili, kwenye zahanati yenu kubwa yupo mtaalamu wa mazoezi. Nenda kwake. Mimi siwezi kukutibu kwa stempu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuwa nalisema kwa wagonjwa kabla ya mwaka huu. Linaweza kuchukua mwaka, au zaidi. Na linaweza lisirudi lote. Wengi hurudi karibu na walikokuwa, wengine hubaki na upungufu. Kwa hiyo usiende ukingoja muujiza, na usikae nyumbani ukilinda akiba. Akiba hiyo inaoza.

Atakuuliza mambo unayoyataka. Mtajie ya kweli. Na ukipewa zoezi likakuuma mpaka usiku hulali, rudi useme limeniuma. Usimfurahishe mtu. Nakujua wewe, mteja akikulipa pungufu unamshukuru.

Kitinda mimba wako anayekupenda

*

30 Agosti

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Hatujambo, mvua imenyesha, kuku wa mama yako wameongezeka na mmoja analala jikoni.

Sukari nimepimwa, sina. Mtaalamu wenyewe ni mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu mkuu, hata benchi linakaa wima akiingia. Nilikuwa nimekariri ushauri wako njia nzima. Nimekaa mbele yake, akaniuliza, "Kuvaa fulana, mzee, sifuri ni huwezi kabisa, kumi ni kama zamani, wewe uko wapi?"

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nane."

Akaniangalia. Akafungua kabati, akatoa fulana, akanipa. "Vaa."

Mwanangu, tulihangaika mle ndani mimi na fulana ile! Kichwa kimeingia tundu la mkono, mkono wenyewe umebaki nje kama tawi. Nikawa sioni. Nikasikia sauti yake nje ya kitambaa, taratibu kabisa, "Niandike nane?"

"Andika moja," nikasema humohumo ndani.

Akanisaidia kuivua, hakucheka. Nilipoanza kucheka mimi ndipo naye akacheka, mpaka akatafuta leso.

Mambo yangu matatu ni haya: kunyoa kichwa kimoja mwanzo mpaka mwisho bila kupumzika, kuvaa fulana, na kulalia upande wa kulia, maana mama yako anasema miezi yote hii nimempa kisogo. Yule mtaalamu ameniwekea mkono juu ya meza, ameuzungusha, ameuvuta, machozi yamenitoka lakini nilisema yanatoka. Nimepewa mazoezi matatu. Moja la fimbo, natumia mpini wa ufagio, na mama yako akiuhitaji ufagio tunagombana.

Mpaka sasa fulana imefika mbili. Najua si kitu. Lakini ni mbili ya kweli.

Vipi kamati yenu?

Baba yako, Mkasi

*

2 Oktoba

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mbili ya kweli niliisoma kwa wenzangu wakati wa chai, samahani, sikuweza kujizuia. Mama asiuache ufagio bila kupigania.

Kamati imekaa juzi. Siku moja kabla, mwenzangu mmoja anayenitakia mema aliniambia, "Wale usiowapata waache. Hayupo, hayupo. Na mabega usiyataje sana." Nilikaa na maneno hayo jioni yote, kwa kuwa chumba nakitaka, Baba, nisikudanganye. Halafu nikamkumbuka dobi alivyonilinda nisivunjike moyo, na kulindwa kule kulimgharimu nini. Nikaamua kwenda na wote.

Nikawaambia hivi. Migongo na magoti, wengi wamerudi kwenye mambo yao, na bado wapo huko baada ya miezi mitatu, nimewaona kwa macho. Waliopata kiharusi wanakwenda polepole, lakini wanakwenda, hasa wale ambao ndugu zao walifundishwa pamoja nao. Mabega, kwa muda mrefu, sikuyasaidia. Wapo ambao sikuwapata kabisa, sijui wamepona au wamekata tamaa, sikuwahesabu popote.

Mzee mmoja wa kamati akavua miwani. "Kwa hiyo unatuambia mabega huyawezi?"

"Nilikuwa siyawezi kwa njia ile," nikasema. "Nilikuwa nawapa watu mazoezi kumi bila kuwauliza kama wana muda wa mawili. Sasa nauliza."

"Na bila kufuatilia usingejua?"

"Ningeendelea kuwapa kumi."

Daktari mkuu hakunitetea, alikuwa anaandika tu. Tulipotoka nje sisi wa vyumba vyote tulioitwa, wanakamati wakabaki ndani muda mrefu, mimi nikasimama kwenye foleni ya chanjo nikabebeshwa mtoto wa mtu. Ni kweli wanabanwa. Jua linawapiga.

Uamuzi ni huu. Chumba changu kimekwenda kwa watu wa chanjo. Mimi nimepewa kile kidogo karibu na lango, kilichokuwa cha mlinzi. Kitanda kinaingia, kioo hakiingii. Lakini hakina ngazi mlangoni, mtu wa fimbo anaingia mwenyewe. Na nimepewa alasiri moja kila wiki, ya kazi, ya kuwafuata watu makwao. Daktari mkuu alipita nikihamisha mikeka, akashika upande mmoja, tukabeba. Akasema, "Wenzako wote wameleta habari njema tupu. Sikujua nianzie wapi kuwasaidia." Akaendelea na mkeka.

Nilimpitia dobi Jumanne. Kamba imepanda, iko kifuani. Alikuwa anamsuka binti yake, nywele zimeota, mtoto ameketi chini sakafuni na mama kwenye kigoda ili mikono isipande sana. Nikamuuliza alama. Akafikiri, akasema, "Tano na nusu. Nusu usiandike, nusu ni ya kukufurahisha."

Na wewe je, Baba? Nitakuja likizo mwezi wa kumi na mbili.

Binti yako

*

21 Novemba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Natumaini chumba cha mlinzi kimekuzoea. Hapa sote hatujambo, na mama yako amekwisha kuanza kufua mapazia kwa ajili yako.

Ile habari ya mtoto aliyeketi chini nilikaa nayo siku kadhaa. Kisha nikaenda dukani na msumeno. Kiti cha wateja nimekikata miguu. Nimekipunguza, nikajaribu kwa kumkalisha mama yako, nikapunguza tena. Sasa mteja akikaa, kichwa chake kiko usawa wa kifua changu, na mkono haulazimiki kupanda. Wiki iliyopita nilifungua mlango. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu kama nguzo, magoti yamemfika masikioni. "Mkasi," akasema, "tumerudi chekechea?" Nikamwambia atulie. Nimemnyoa mwanzo mpaka mwisho. Nilipumzika mara moja, nikamwambia napumzika kwa sababu bega linauma. Akasema sawa, akasoma gazeti.

Nafanya asubuhi tu. Mchana mkono umechoka, nafunga.

Jana nilikwenda kwa yule mama mtaalamu kuulizwa tena. Kunyoa, saba. Kulala, tisa, mama yako ameshuhudia. Fulana, nne, na hapo ndipo pamegota. Ameupima mkono akaniambia bila kuzunguka kwamba kile kipande cha juu kabisa cha kuinua mkono huenda kisirudi. Si kwamba haikuuma. Lakini nilikuwa nimekwisha kukiaga bila kujua, pengine siku ile ya msumeno.

Akaniuliza kama ninaridhika. Nikasema hapana, ila nimerudi kazini. Akaandika vyote viwili. Kisha akauliza kama lipo jambo jingine ambalo sikulitaja mwanzo, na sasa nalitaka.

Sikufikiri hata kidogo. Nikamwambia, nataka binti yangu akishuka kwenye gari nimpokee sanduku lake, nilibebe begani mpaka nyumbani, watu wakiona.

"Bega gani?" akauliza.

"Hili hili."

"Lina uzito gani hilo sanduku?"

"Mama," nikamwambia, "yeye ni mwanamke anakuja likizo. Hata mizani haijui."

Tumeanza mazoezi. Nabeba ndoo ya mchanga kutoka mlangoni mpaka kwenye banda la kuku na kurudi, kuku wananisindikiza. Nimejipa tatu.

Basi usinionee huruma ukaja na kimkoba. Njoo na sanduku.

Baba yako